Kopo la Moshi

Baba alipoletwa Nairobi kutibiwa goti
alikubali sindano, alikubali mkongojo,
hata wali wangu wa haraka haraka aliukubali.
Kufungiwa ndani saa kumi na mbili jioni
alikataa katakata.
“Bosibori, mimi si kuku.”

Basi tukaketi uani, Kariobangi Kusini,
yeye kwenye kiti cha plastiki, mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na nyuma yetu ule mtaro
ambao kanjo huukumbuka mwaka wa uchaguzi.
Mbu wakaja. Hawakupiga hodi.
Wakawapita majirani wote wenye minofu
wakamwendea mzee aliyechuma pareto miaka thelathini,
maua meupe, gunia juu ya gunia,
yaliyosagwa kwenda kuua mababu zao.

“Wananijua,” akasema, akijizaba kofi shingoni.

Nikanunua dawa ile ya kuwasha, iliyojikunja kama konokono.
Akainusa, akaizima kwa soli ya kiatu.
Kisha akaanza kuniagiza kana kwamba tuko Nyamira,
kana kwamba nyuma ya lango la chuma kuna shamba.

Mchaichai: nilimwomba Mauwa wa kibanda cha chai,
akanikatia mashina matatu, akayahesabu mara mbili,
akataka shilingi ishirini.
Kivumbasi: nilikiulizia hadi soko la Korogocho
na muuza mitishamba akanicheka meno yote nje.
“Si kile kimeota nyuma ya choo cha stendi yenu?”
Kweli. Nilikuwa nikikipita kila asubuhi
nikikiita magugu.

Mavi makavu ya ng'ombe aliyafuata mwenyewe.
Ulikuwa mwezi wa kiangazi kikali, mifugo ya Wamaasai
ilikuwa imepitishwa kando ya Outering kutafuta majani,
na mimi nikitoka kazini nikamwona baba yangu,
kikapu changu cha soko mkononi,
akiinama kwa goti alilokatazwa kuinamia.
Nilijificha nyuma ya kioski. Naungama.

Kopo kuukuu la rangi, akalitoboa kwa msumari.
Mavi chini, majani mabichi juu, kaa moja kutoka kwa jirani.
Moshi ukapanda mzito, wa buluu,
ukapapasa shuka za Kilonzi kwenye kamba,
ukaingia orofa ya pili bila kuvua viatu.
“Huko chini mmehamia na zizi?”
Kilonzi akashuka kugomba.
Akachuchumaa agombe vizuri.
Saa tatu bado amechuchumaa, anamenya machungwa,
anatupia maganda koponi, na watoto wake
wanasugua mchaichai vifundoni wakipiga chafya.

“Usidanganyike,” baba akamwambia.
“Moshi haumuui mbu. Unampoteza njia tu.
Mama yake analala pale,” akaelekeza mkongojo mtaroni,
“na maji yakituama, hata ufukize mlima mzima
unawapikia.”

Jumamosi wakauzibua, wanaume watano na koleo mbili.
Walitoa tairi, walitoa birika lisilo na mdomo,
walitoa kiatu cha kushoto ambacho Kilonzi alikitambua
akanyamaza.
Maji yakaenda. Tuliyasikia yakienda.
Kufikia Jumanne ya pili yalikuwa yamesimama tena.

Baba alirudi kwao na goti lile lile.
Mahali pa pareto siku hizi pana majani ya ng'ombe,
hakuwahi kuniambia, nimeambiwa na shangazi.
Kopo aliniachia.

Leo nimeliwasha peke yangu.
Kivumbasi kinalia pwa, pwa, kikishika moto.
Harufu imepanda, Kilonzi amefunga dirisha, kisha amelifungua.
Mbu mmoja amevuka moshi.
Anakizunguka kiti kitupu, anarudi, anazunguka,
anauliza.
Namwacha aulize kidogo.
Halafu napiga kofi.